Enzi za historia ya Uingereza: zinapangwaje, na mipaka yake ilitoka wapi

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari. Nikisoma habari za Uingereza nakutana na majina mengi: Waanglo-Saksoni, Wanormani, Tudor, Stuart, akina George, Victoria. Nashindwa kushika nani anamtangulia nani. Tena vitabu viwili hutoa miaka tofauti ya enzi ileile: kimoja kinasema enzi ya akina George iliisha 1830, kingine 1837. Nizipange vipi ili wanafunzi wangu wasipotee?

Jibu: Mwalimu, majina hayo yanachanganya kwa sababu hayakutungwa kwa kipimo kimoja. Ya kale kabisa ni majina ya watu walioingia kisiwani na kukitawala: Warumi, Waanglo-Saksoni, Wanormani. Yanayofuata ni ya koo za kifalme: Plantagenet, Tudor, Stuart. Halafu yanakuja majina ya waliokalia kiti: wafalme wanne walioitwa George, kisha Malkia Victoria, kisha Edward VII. Kuanzia 1914 hata hayo yanaachwa, na waandishi wengi huhesabu kwa vita viwili vya dunia na miaka iliyofuata. Mwanafunzi akitafuta kanuni moja inayofunga yote hataipata, maana haipo.

Jambo la pili la kuweka sawa kabla ya tarehe yoyote ni nchi gani inazungumziwa. Sisi tunaita zote Uingereza, lakini England, Scotland, Wales na Ireland zilikuwa na historia mbalimbali kwa karne nyingi. Wales ilitekwa na Edward I kufikia 1283, na ikaunganishwa kisheria na England kwa sheria za 1536 na 1543. Scotland ilikuwa ufalme kamili. Mwaka 1603 ilianza kushiriki mfalme mmoja na England, na tarehe 1 Mei 1707 mabunge yao mawili yakawa moja. Ireland iliingizwa kwenye muungano huo 1 Januari 1801, na sehemu yake kubwa ikatoka 1922. Kwa hiyo Henry VIII hakuwahi kuwa mfalme wa Scotland, na jina la Tudor ni enzi ya England na Wales, si ya kisiwa kizima. Waandikishe wanafunzi "England" kwa kila kitu kilicho kabla ya 1707 na kinachohusu upande huo. Zoea hilo peke yake huondoa makosa mengi kwenye insha.

Tukishamaliza hayo, tumia majina ya enzi kama vibao vya barabarani tu, na uwape wanafunzi swali moja la kubeba njia nzima: mtawala anapata wapi fedha, na lazima amwombe nani ruhusa? Nina hakika hakuna swali linalounganisha historia ya nchi hiyo vizuri kuliko hili. Karibu kila mpaka wenye maana upo pale jibu lilipobadilika.

Kwa Warumi usikae sana. Julius Caesar alifika mwaka 55 na 54 KK, akaondoka. Utawala wenyewe ulianza 43 BK chini ya Claudius na ukaishia karibu 410. Ukuta wa Hadrian, ulioanza kujengwa 122, una urefu wa kilomita zipatazo 117 kutoka pwani hadi pwani, na kaskazini yake Warumi hawakudumu. Utawala huo ulibomoka kwa sababu askari walihamishiwa bara la Ulaya kupigana vita vingine, na sarafu mpya za kuwalipa waliobaki zikakoma kuja.

Kipindi cha Waanglo-Saksoni, 410 hadi 1066, hudharauliwa kwa sababu kimeacha maandishi machache, lakini kina miaka 656. Hiyo ni mingi kuliko yote iliyopita tangu Tudor wa kwanza mpaka leo. Hakukuwa na England kwa sehemu kubwa ya muda huo. Kulikuwa na falme nyingi: Kent, Mercia, Northumbria, Wessex na nyinginezo. Ukristo ulifika Kent 597 kwa mmisionari Augustine aliyetumwa kutoka Roma. Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walivamia monasteri ya Lindisfarne 793, na katika miaka iliyofuata wakateka falme moja baada ya nyingine mpaka ikabaki Wessex. Alfred aliwashinda Edington mwaka 878 na kuanza kujenga mtandao wa miji yenye ngome. Mjukuu wake Athelstan aliitwaa Northumbria 927, na ndiye anayehesabiwa kuwa mfalme wa kwanza wa England nzima. Baadaye, Waviking waliporudi kwa nguvu, wafalme walitoza kodi ya ardhi ili kuwalipa waondoke. Kodi hiyo ilihitaji hesabu ya mashamba katika kila kaunti, na kwa njia hiyo England ikapata mfumo wa kukusanya fedha uliokuwa bora kuliko wa majirani zake wengi.

Huo ndio mfumo alioukamata William, mtawala wa Wanormani kutoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 1066 Edward Muungamishi alikufa bila mtoto, Harold Godwinson akatawazwa. Tarehe 25 Septemba Harold aliwashinda Wanorwe huko Stamford Bridge, kaskazini. Siku 19 baadaye, 14 Oktoba, akauawa Hastings, kusini. William akatawazwa siku ya Krismasi. Wanafunzi hupenda vita hivyo, nami sikuzuii, lakini waonyeshe kilichofuata: karibu tabaka zima la wenye ardhi liling'olewa, na mahali pake wakawekwa makabaila waliozungumza Kifaransa na kushika ardhi kwa mfalme kwa sharti la kumtumikia vitani. Mwishoni mwa 1085 William aliagiza ardhi yote ihesabiwe: ya nani, ina majembe mangapi ya kukokotwa na ng'ombe, ilikuwa na thamani gani kabla ya 1066 na ina thamani gani sasa. Kitabu kilichotokea, Domesday, kinataja zaidi ya makazi 13,000. London na Winchester hazimo, wala kaunti za kaskazini kabisa. Mwanafunzi akikitumia kama sensa ya watu wote atakosea, maana kiliandikwa kujua nani analipa nini.

Ukoo wa Plantagenet ulitawala 1154 hadi 1485, na hapa ndipo swali letu linapopata jibu la kwanza zito. Mfalme John alipoteza Normandy 1204, akatoza kodi kubwa ili airudishe, akashindwa vitani, na makabaila wakamlazimisha kukubali Magna Carta uwanjani Runnymede tarehe 15 Juni 1215. Msiichukue kama katiba ya raia wote, kwa sababu watwana, yaani wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, walipata humo kidogo sana. Kilichodumu ni wazo kwamba mfalme yuko chini ya sheria na hatozi kodi za ziada bila ridhaa. Mjukuu wake Edward I, akihitaji fedha za vita vya Wales, Scotland na Ufaransa, aliita bunge la 1295 lenye wawakilishi wawili kutoka kila kaunti na wawili kutoka kila mji uliochaguliwa. Bunge, kwa maneno mengine, lilikua kwa sababu wafalme walikuwa wapiganaji wenye mifuko mitupu.

Katikati ya enzi hiyo kuna mpasuko ambao hauonekani kwenye orodha ya wafalme. Tauni iitwayo Kifo Cheusi iliingia 1348 na katika muda wa miaka miwili hivi ikaua kati ya theluthi na nusu ya watu. Mikono ya kazi ikawa adimu, mishahara ikapanda, na sheria ya 1351 ikajaribu kuirudisha kwenye kiwango cha kabla ya tauni. Kisha ikaja kodi ya kichwa, mara tatu katika miaka minne: senti za zamani 4 kwa kila mtu mzima mwaka 1377, kodi ya madaraja 1379, na senti 12 mwaka 1380, maskini na tajiri karibu sawa. Watu wa Essex na Kent waliingia London Juni 1381, na kiongozi wao Wat Tyler akauawa mbele ya mfalme mwenye umri wa miaka 14. Uasi ulizimwa, lakini serikali haikuthubutu kurudia kodi hiyo, na utwana ukaendelea kufifia katika karne iliyofuata. Ukitaka mpaka wa kweli katika maisha ya mkulima wa England, 1348 ina uzito kuliko 1485.

Kwani 1485 ni nini? Ni siku moja, 22 Agosti, ambapo Richard III aliuawa Bosworth na Henry Tudor akachukua taji baada ya miaka thelathini ya Vita vya Waridi, vya matawi mawili ya ukoo wa kifalme kugombea taji. Hakuna shamba wala karakana iliyobadilika wiki hiyo. Henry alihesabu utawala wake kuanzia 21 Agosti, siku moja kabla ya vita, ili waliopigana upande wa Richard wahesabiwe wahaini na mali zao zitaifishwe. Vitabu vingine humaliza Zama za Kati 1453, Vita vya Miaka Mia kati ya England na Ufaransa vilipokwisha, vingine 1500. Zote ni hukumu za waandishi.

Badiliko kubwa la enzi ya Tudor lilikuja miaka ya 1530. Henry VIII alitaka ndoa yake ibatilishwe, Papa akakataa, na sheria ya 1534 ikamfanya mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la England. Kati ya 1536 na 1540 nyumba za watawa zipatazo 800 zilifungwa, kwanza zile zenye mapato ya chini ya paundi 200 kwa mwaka, kisha kubwa zote. Nyingi ya ardhi hizo ziliuzwa kulipia vita vya miaka ya 1540. Fikiria maana yake: mfalme aliuza mtaji ambao ungempa mapato ya kudumu bila kuomba ruhusa, na wanunuzi wakawa wenye ardhi wa kati, walewale ambao watoto na wajukuu wao watajaza Bunge. Mary I aliporudisha Ukatoliki 1553 hadi 1558, ardhi hizo hazikurudi. Elizabeth I alitawala mpaka 1603, akaishinda meli za Hispania 1588, na kufa akiwa na deni na bila mrithi wa mwilini.

Hapo ndipo penye moyo wa historia hii. Charles I, mfalme wa pili wa ukoo wa Stuart juu ya England, alitawala bila Bunge kuanzia 1629. Ili aishi, alifufua kodi za zamani. Maarufu zaidi ilikuwa fedha ya meli, ambayo miji ya pwani ilizoea kutozwa wakati wa hatari. Yeye aliitoza 1634, na 1635 akaisambaza hadi kaunti za bara, wakati wa amani. John Hampden alikataa kulipa, na majaji 12 wakagawanyika, saba kwa mfalme na watano dhidi yake. Mpango huo ungeweza kuendelea kama Charles asingewalazimisha Waskoti kitabu kipya cha sala mwaka 1637. Walipinga kwa silaha, naye hakuwa na fedha za kulipa jeshi. Ikabidi aite Bunge 1640, likaja na malalamiko ya miaka kumi na moja. Januari 1642 aliingia mwenyewe kwenye ukumbi wa Makabwela, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, kuwakamata wabunge watano, akawakosa. Agosti vita vikaanza. Tarehe 30 Januari 1649 alikatwa kichwa, na England ikakaa bila mfalme hadi 1660, sehemu kubwa chini ya Oliver Cromwell. Ndiyo maana enzi ya Stuart, 1603 hadi 1714, ina tundu katikati. Ukilichora usilifunike.

Kurudishwa kwa ufalme 1660 hakukumaliza ugomvi. James II, Mkatoliki, alikimbia 1688 baada ya William wa Orange, mtawala kutoka Uholanzi, kutua na jeshi, na Sheria ya Haki ya 1689 ikakataza kutoza kodi au kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge. Sasa tazama matunda yake. Mwaka 1694 Benki ya England ilianzishwa kwa kuikopesha serikali paundi milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Wakopeshaji walikubali kwa sababu deni lilidhaminiwa na kodi zilizopitishwa na Bunge, si na neno la mfalme mmoja anayeweza kufa au kugeuka. Kwa uwezo huo wa kukopa, nchi ndogo ilipigana na Ufaransa kwa zaidi ya karne moja, ikajenga jeshi la majini, na ikapata makoloni. Anayetaka kueleza dola ya Waingereza bila 1694 ataishia kusifu mabaharia tu.

Sasa swali lako la 1830 na 1837. George IV alikufa 26 Juni 1830. Akamfuata ndugu yake William IV, aliyetawala mpaka 20 Juni 1837, Victoria alipopanda kiti. Anayefuata jina la George anaishia 1830. Asiyetaka kuacha miaka saba bila jina huiongeza na kuishia 1837. Ndani yake utakuta pia kipindi cha Urejenti, 1811 hadi 1820, mwana alipotawala kwa niaba ya George III aliyekuwa mgonjwa. Hali ni hiyohiyo kwa Edward VII: alikufa 1910, lakini wengi huivuta enzi yake mpaka vita vya 1914.

Kosa la kawaida hapa ni kuweka Mapinduzi ya Viwanda yote chini ya Victoria. Kinu cha pamba cha Richard Arkwright huko Cromford kilianza 1771, hati ya James Watt ya kuboresha injini ya mvuke ni ya 1769, na reli ya Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa 1830. Yote ni kabla yake. Lingine ni kusimulia viwanda bila watumwa. Pamba ya viwanda hivyo kwa muda mrefu ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa katika Amerika, na faida ya sukari ya Karibi iliingia katika mabenki, bandari na majumba ya England. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1807. Utumwa wenyewe katika makoloni mengi ulifutwa kwa sheria ya 1833, iliyotenga paundi milioni 20 kuwafidia wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupewa chochote, na wengi walifungwa katika kazi ya lazima hadi 1838. Jambo hilo lisemwe waziwazi darasani.

Kwa Victoria mwenyewe, 1837 hadi 1901, chukua namba mbili: England na Wales zilikuwa na watu milioni 8.9 hivi katika sensa ya kwanza ya 1801, na milioni 32.5 katika ile ya 1901. Upande wa Ireland njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine zaidi ya hapo. Na hapa ndipo wanafunzi wako wanapokutana na pwani yao: mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja chini ya Sultani Barghash, makubaliano ya 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, na mabomu yaliyopigwa kasri la Unguja 27 Agosti 1896 kwa muda usiofika saa moja.

Karne ya 20 wanaijua zaidi, kwa hiyo nitataja viungo tu. Bunge la Malodi, baraza la makabaila, lilikataa bajeti ya 1909, na sheria ya 1911 ikaliondolea uwezo wa kuzuia sheria za fedha. Wanawake wa miaka 30 na zaidi waliotimiza masharti ya mali walipiga kura kuanzia 1918, na kwa usawa na wanaume 1928. Huduma ya afya ya taifa ilianza 5 Julai 1948. India iliondoka 1947, mgogoro wa mfereji wa Suez ukavunja kiburi cha Uingereza 1956, kisha zikaondoka Tanganyika 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963. Elizabeth II alirithi kiti 6 Februari 1952 akiwa ziarani Kenya, akafa 8 Septemba 2022.

Tarehe zenyewe zina mitego mitatu. Mpaka 1751 mwaka wa kisheria England ulianza 25 Machi, hivyo hati za wakati ule zinasema Charles I aliuawa Januari 1648. Scotland ilikuwa imehamia 1 Januari tangu 1600. Mwaka 1752 siku 11 ziliondolewa: baada ya 2 Septemba ikaja 14 Septemba. Mtego wa tatu ni hati zinazotaja mwaka wa utawala. Mwaka wa 12 wa Henry VIII, aliyeanza 22 Aprili 1509, ni 22 Aprili 1520 hadi 21 Aprili 1521: toa moja kwenye namba, ongeza kwenye mwaka wa kuanza. Charles II alihesabu tangu siku baba yake alipouawa, kwa hiyo sheria za mwanzo baada ya kurudi kwake 1660 zimeandikwa mwaka wa 12. Na katika fedha, hadi Februari 1971 paundi moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi senti za zamani 12.

Darasani, gundisha karatasi za manila mpaka upate ukanda wa mita mbili na kidogo, na uhesabu milimita moja kwa mwaka kuanzia 43 BK. Warumi watachukua sentimita 36.7, Waanglo-Saksoni 65.6, Wanormani pamoja na vita vya kugombea kiti hadi 1154 sentimita 8.8, Plantagenet 33.1, Tudor 11.8, Stuart 11.1, akina George pamoja na William IV 12.3, Victoria 6.4. Juu ya mstari andika watawala kwa rangi moja. Chini yake andika kwa rangi nyingine yale yasiyofuata kaburi la mfalme yeyote: 1348, 1536, 1694, 1771, 1948. Usiweke matukio zaidi ya ishirini chini, la sivyo ukanda hausomeki kutoka dawati la nyuma. Kama muhula una vipindi vinne tu vya somo hili, tumia kimoja kwa ukanda na vyote vitatu vilivyobaki kwa miaka ya 1629 hadi 1707.